Mwili unachoma nini ukiwa mazoezini? Mwendo ndio unaoamua, si dakika

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kuna kauli imeota mizizi kwenye majimu na vikundi vya mbio: "Dakika 20 za kwanza unachoma sukari tu, mafuta yanaanza baada ya hapo." Naisikia mara kwa mara kwa watu ninaofanya nao mazoezi, na inaniuma, kwa sababu wapo wanaoacha kabisa kutembea robo saa wakiamini haina faida. Wapo na wengine wanaingia mbio ndefu, wanatoka kasi kama wanafukuzwa, wakifika kilomita ya 30 wanakata moto na kulaumu viatu. Matatizo haya mawili chanzo chake ni kimoja: hatujui mwili unatoa wapi nguvu, wala unachaguaje cha kutumia. Nimeona tulijadili kwa kirefu.

Tuanzie ndani ya msuli wenyewe. Msuli hauwezi kutumia sukari wala mafuta moja kwa moja. Unachotumia kujikunja ni molekuli inayoitwa ATP, iliyogunduliwa mwaka 1929 na Mjerumani Karl Lohmann. ATP ikivunjwa inatoa nishati, kisha lazima iundwe upya ili itumike tena. Na hapa ndipo pa kushangaza: ATP iliyomo kwenye msuli kwa wakati wowote inatosha sekunde 2 au 3 tu za kukimbia kwa nguvu zote. Haiwekwi akiba, inatengenezwa papo hapo kadiri inavyotumika. Kwa hiyo mtu akiuliza "hapa nachoma nini?", anachouliza hasa ni hiki: ATP yangu inaundwa upya kwa kutumia nini?

Njia ya haraka kuliko zote ni krietini fosfeti, iliyomo ndani ya msuli. Inakabidhi fosfeti yake kwa hatua moja tu na ATP inarudi. Haihitaji oksijeni, haihitaji sukari. Ndiyo inayobeba mzigo mkubwa sekunde za mwanzo za nguvu zote, na ikifika sekunde ya 10 hivi imepungua sana. Mbio za Usain Bolt za sekunde 9.58 kule Berlin mwaka 2009 ziliishia karibu na mpaka huo. Uzuri wake inarudi upesi: nusu yake au zaidi hurudi ndani ya dakika moja ya kupumzika, na karibu yote ndani ya dakika 3 hadi 5. Ndiyo maana mtu anayenyanyua vyuma vizito anakaa dakika 4 kati ya seti na seti. Usimwite mvivu, anasubiri akiba ijae.

Njia ya pili ni kuvunja sukari bila kusubiri oksijeni. Sukari hiyo kwa sehemu kubwa inatoka kwenye glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa ndani ya msuli. Ni njia ya kasi lakini ina hasara: molekuli moja ya glukosi (ndiyo sukari yenyewe inayotumiwa na mwili) inatoa ATP 2 tu kwa njia hii, wakati ikichomwa mpaka mwisho kwa oksijeni inatoa takribani 30. Atakayekimbia mita 400 kwa nguvu zote ataijua vizuri akiingia mita 100 za mwisho.

Ya tatu ni ile ya oksijeni, inayofanyika ndani ya mitokondria, yaani vinu vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli. Hapo ndipo wanga na mafuta vinachomwa kikamilifu, na protini kidogo, kwa kawaida kama asilimia 5 au chini. Njia hii haina haraka. Ukianza kukimbia inachukua dakika 2 au 3 kufikia kiwango unachohitaji, ndiyo maana pumzi inabana mwanzoni halafu inatulia ukiendelea kwa mwendo uleule. Kupasha misuli moto kabla ya kuanza kunapunguza adha hiyo.

Sasa shikeni jambo hili kuliko yote niliyoandika: njia hizi hazipokezani zamu. Zote zinafanya kazi tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho. Kinachobadilika ni sehemu ambayo kila moja inachangia, na mwenye usemi mkubwa zaidi ni mwendo wako.

Hapo ulipokaa unasoma, unachoma mafuta. Kama hujala kwa saa kadhaa, zaidi ya nusu ya nishati unayotumia sasa hivi inatoka huko. Ukiinuka ukatembea, mafuta yanaendelea kuchangia sana. Ukikaza mwendo, sehemu ya wanga inapanda. Ukifika mahali ambapo huwezi kutamka sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi, wanga umeshachukua usukani. Kwa watu wengi mafuta yanachomwa kwa wingi zaidi kwenye mwendo wa wastani, kisha yanashuka kadiri unavyoongeza kasi.

Kwa nini mafuta hayawezi kuendesha mbio kali? Safari yake ni ndefu. Yanafunguliwa kutoka ghalani, yanabebwa kwenye damu, yanaingia kwenye seli ya msuli, halafu yanavushwa kuingia mitokondria, na kila kituo kina foleni yake. Isitoshe, lita moja ya oksijeni ikichoma wanga inatoa kama kilokalori 5.0, ikichoma mafuta inatoa kama 4.7. Tofauti inaonekana ndogo, lakini pumzi ikishakuwa ya kugombania, mwili unachagua kinacholipa zaidi kwa kila lita.

Nitarudi na suala la ghala, maana ndilo linalowaangusha watu wa mbio ndefu. Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji

Mkuu umeeleweka. Lakini hiyo dakika ya 20 imetoka wapi? Haiwezekani wote tumeota ndoto moja.

#3 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, kuna ukweli kidogo ndani yake. Ukishika mwendo uleule kwa muda mrefu, sehemu ya mafuta inapanda polepole kadiri homoni zinavyoyafungulia na glaikojeni inavyopungua. Kwa hiyo dakika ya 60 unachoma mafuta zaidi kidogo kuliko dakika ya 10. Ila ni mabadiliko ya taratibu, hakuna swichi inayowashwa dakika ya 20. Robo saa ya kutembea inahesabika yote.

#4 Mchangiaji

Basi kwa maelezo yako anayetaka kupunguza kitambi atembee tu? Si ndiyo mafuta yanaungua zaidi?

#5 Mleta uzi

Hapana, na mtego huu unanasa wengi. Tusichanganye asilimia na kiasi.

Tuseme mtu wa kilo 70 anatembea saa nzima, anatumia kilokalori 250, na asilimia 60 zinatoka kwenye mafuta. Hiyo ni 150. Siku nyingine anakimbia saa nzima, anatumia 700, mafuta yanachangia asilimia 35 tu. Hiyo ni 245. Asilimia imeshuka, kiasi kimepanda.

Na hata hesabu hiyo siyo ya mwisho. Ukichoma wanga mwingi asubuhi, mwili utautumia wanga utakaokula kujaza ghala lililopungua, na saa zilizobaki utaegemea mafuta zaidi. Kinachopunguza kitambi ni hesabu ya siku na wiki: ulichotumia dhidi ya ulichokula. Kwa hiyo chagua zoezi utakaloliweza leo na ukalirudia kesho kutwa bila kuumia. Kwa mtu mzito ambaye magoti yanamsumbua, kutembea ndiko kunakomfaa, kwa sababu atatembea mara nyingi.

#6 Mchangiaji

Na kufanya mazoezi asubuhi kabla ya kula chochote?

#7 Mleta uzi

Wakati wa zoezi lenyewe ni kweli unachoma mafuta zaidi, kwa sababu insulini, homoni inayoziambia seli zipokee sukari, iko chini. Lakini walipolinganishwa watu wanaokula kabla na wasiokula, huku chakula cha siku kikiwa kiasi kilekile, mafuta waliyopoteza mwilini hayakutofautiana kwa maana yoyote. Tumbo likikukubalia fanya. Ukiona kizunguzungu, kula kwanza. Kwa zoezi kali au refu mimi sishauri uanze na tumbo tupu.

#8 Mleta uzi

Narudi kwenye ghala kama nilivyoahidi.

Wanga ukilinganisha na mafuta ni akiba ndogo sana. Misuli yote ya mtu mzima ina glaikojeni kama gramu 300 hadi 500, ini lina kama gramu 100, na sukari yote iliyomo kwenye damu haizidi gramu 4 au 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Kila gramu inatoa kilokalori 4. Piga hesabu: kama kilokalori 2,000 kwa jumla. Mafuta yanatoa 9 kwa gramu, na mtu mwembamba tu ana kilo kadhaa mwilini, yaani makumi ya maelfu ya kilokalori. Hakuna mkimbiaji aliyeanguka kwa kuishiwa mafuta.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Glaikojeni ya msuli haitoki. Msuli hauna kimeng'enya cha kuiachia glukosi iingie kwenye damu, ni ghala lenye mlango wa kuingilia tu. Unaweza kuwa na akiba nzuri mikononi na mabegani, miguu ikawa imekauka, na mkono usiweze kuupa mguu hata chembe moja ya sukari. Ini peke yake ndilo linaloweza kuifungulia damu sukari yake, na ubongo unaitegemea sana sukari hiyo.

Sasa chukua marathoni, kilomita 42.195. Kukimbia kunagharimu kama kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 70 anahitaji karibu 2,950. Akikimbia kwa mwendo ambao wanga unachangia asilimia 80, anahitaji kama 2,360 kutoka kwenye wanga, na alikuwa na 2,000. Ameishiwa kabla ya kufika, na akiba yenyewe ya miguuni ni ndogo kuliko hiyo. Akipunguza mwendo mpaka wanga uchangie asilimia 65, anahitaji 1,920 hivi. Mtu yuleyule, njia ileile, siku ileile. Yule anayekata moto kilomita ya 30 au 35 mara nyingi alishapotezea mbio yake kwenye kilomita 10 za mwanzo, alipojisikia mwepesi.

Haya yamejulikana muda mrefu. Mwaka 1924 madaktari waliwapima sukari wakimbiaji waliomaliza marathoni ya Boston. Waliofika hoi, wamepauka, wengine wamechanganyikiwa, sukari yao ilikuwa imeshuka sana. Mwaka uliofuata waliwahimiza wakimbiaji kula wanga zaidi kabla ya mbio na kula peremende njiani, na hali yao mwishoni ikawa bora waziwazi.

Lakini jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Wasweden wawili, Jonas Bergström na Eric Hultman, lililochapishwa mwaka 1966. Walijifanyia wenyewe. Walitumia baiskeli moja ya mazoezi, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja akikanyaga pedali kwa mguu mmoja tu huku wa pili ukipumzika, mpaka mguu unaofanya kazi ukaishiwa kabisa. Kisha sindano nene ikaingizwa pajani kuchukua kipande kidogo cha msuli kutoka kila mguu. Glaikojeni ya mguu uliofanya kazi ilikuwa karibu imekwisha, ya mguu uliopumzika ilibaki palepale. Wakala wanga mwingi siku tatu. Miguu yote miwili ya kila mmoja ililishwa na mdomo mmoja na damu moja, lakini mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni kama mara mbili ya mwenzake. Kumbe msuli uliomaliza akiba unajifunza kuhifadhi zaidi, na ni msuli ule ule tu, haumwambii jirani.

Hapo ndipo ilipoanzia desturi ya kula wanga kwa wingi kabla ya mbio ndefu.

#9 Mchangiaji

Mimi nilijaribu kula hivyo nikaongezeka uzito karibu kilo 2 ndani ya siku chache, nikaacha. Ilikuwaje?

#10 Mleta uzi

Ni maji dada/kaka. Kila gramu ya glaikojeni inahifadhiwa pamoja na kama gramu 3 za maji. Gramu 500 zinakwenda na lita moja na nusu hivi. Hayo siyo mafuta, na siku ya mbio ukichoma glaikojeni maji hayo yanaachiwa. Upande wa pili wa jambo hilohilo ni wale wanaoacha wanga na kushangilia kilo 2 zilizopotea wiki ya kwanza: sehemu kubwa ni maji.

#11 Mchangiaji

Mkuu, na ile asidi inayobaki kwenye misuli na kuuma siku ya pili? Mwalimu wetu jimu anasema tuikamue kwa masaji.

#12 Mleta uzi

Maumivu ya kesho yake hayatokani na lakteti, hiyo mnayoiita asidi. Ukimaliza zoezi kali lakteti inarudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi, wakati maumivu yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72. Yanatokana na michubuko midogo midogo kwenye nyuzi za msuli, hasa pale msuli unapokaza huku unarefuka: kukimbia mteremko, kushusha chuma polepole. Jaribu kushuka ngazi nyingi, ambako hata pumzi haikubani, uone mapaja kesho yake.

Na lakteti si taka. Mmarekani George Brooks alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba inasafirishwa na kutumika: moyo unaichoma, nyuzi nyingine za misuli zinaichoma, ini linaigeuza kuwa glukosi. Ni chanzo cha nishati kinachohamishwa kutoka kinapozalishwa kwenda kinapohitajika. Masaji ikikupa nafuu endelea nayo, ila haikamui asidi yoyote.

#13 Mchangiaji

Naomba nipinge kidogo. Mimi nimeacha wanga kwa muda mrefu na nakimbia masafa marefu bila shida. Mafuta yanatosha.

#14 Mleta uzi

Sikukatalii mkuu, kwa mwendo wako inawezekana kabisa. Mwili ukizoea kukosa wanga unaongeza sana uwezo wa kuchoma mafuta, hilo limepimwa na halina ubishi. Swali ni kasi. Louise Burke na wenzake wa Australia walichapisha mwaka 2017 utafiti juu ya wanariadha wa kiwango cha juu wa mbio za kutembea. Waliokula wanga kidogo sana na mafuta mengi walichoma mafuta kwa viwango vikubwa kweli, lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na matokeo yao ya mbio hayakuboreka kama ya wenzao waliokula wanga. Ndiyo ile 4.7 dhidi ya 5.0 niliyoitaja. Anayekwenda polepole siku nzima anaweza asiione. Anayetafuta muda wake bora ataiona.

Njia iliyo salama ya kuchoma mafuta zaidi kwa kasi ileile ni mazoezi yenyewe. Miezi ya kukimbia kwa mwendo wa kuongea inaongeza mitokondria na mishipa midogo ya damu ndani ya msuli, na mwendo uliokuwa ukikula wanga mwaka jana unaendeshwa na mafuta zaidi mwaka huu.

#15 Mchangiaji

Mafuta yakiungua yanaenda wapi? Jasho?

#16 Mleta uzi

Yanatoka puani na mdomoni. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu: kilo 10 za mafuta zikichomwa zote, kilo 8.4 zinatoka kama kaboni dioksaidi kwenye pumzi na 1.6 kama maji. Jasho kazi yake ni kupoza mwili, maana robo tu au chini ya nishati unayotumia inageuka kuwa mwendo na inayobaki yote ni joto. Kwa hiyo wanaojifunga nailoni tumboni ili watoe jasho wanapoteza maji watakayoyanywa tena jioni, na kwenye joto wanajiweka hatarini. Tafadhali acheni.

#17 Mchangiaji

Nina kisukari aina ya pili. Haya yananihusu vipi?

#18 Mleta uzi

Yanakuhusu kwa habari njema. Kwa kawaida insulini ndiyo inayoiambia seli ya msuli ifungue milango ya kupokea glukosi. Msuli unaofanya kazi unafungua milango hiyo wenyewe hata insulini ikiwa haisikiki vizuri, na baada ya zoezi unabaki msikivu zaidi kwa insulini kwa saa nyingi, hata siku nzima au zaidi. Matembezi mafupi baada ya kula yanapunguza kupanda kwa sukari.

Tahadhari ni moja na ni nzito: kama unatumia insulini au baadhi ya vidonge vinavyolichochea kongosho kutoa insulini, sukari inaweza kushuka mno wakati wa zoezi au hata usiku wake. Ongea na daktari wako kuhusu dozi, pima kabla na baada, na tembea na kitu cha sukari mfukoni.

#19 Mchangiaji

Mwisho mkuu: nina mbio za kilomita 21 hivi karibuni, natarajia kama saa 2. Nile nini njiani?

#20 Mleta uzi

Kwa saa 2, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Anza mapema, dakika ya 30 hivi, usisubiri uchoke. Utumbo unapitisha glukosi peke yake kama gramu 60 kwa saa, zaidi ya hapo inabaki tumboni na kukuvuruga. Wanaokwenda masafa marefu zaidi wanafika gramu 90 kwa kuchanganya glukosi na fruktosi (sukari ya matunda), kwa sababu kila moja ina mlango wake. Sukari ya kawaida ya mezani ni nusu kwa nusu ya hizo mbili, kwa hiyo si lazima ununue vya bei.

Kama tumbo lako linakataa kitu ukiwa mbioni, kuna jambo moja limepimwa kwenye mazoezi makali ya saa moja hivi: kusukutua mdomo kwa maji yenye wanga kisha kuyatema kuliongeza kasi ya waendesha baiskeli kwa asilimia 2 hadi 3, bila kumeza chochote. Ubongo unaonja kwamba chakula kinakuja na unalegeza breki.

Ulichopanga kula au kunywa siku hiyo kijaribu kwanza kwenye mazoezi yako marefu, kwa kiasi kilekile na kwa mwendo uleule. Na kilomita 5 za mwanzo zikimbie kwa mwendo ambao bado unaweza kuongea na wa pembeni yako.